Poka, Ungo na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Mama yangu aliposikia kwamba naishi kwa poka, aliniuliza kama dawa yake inapatikana hospitali ya wilaya au ni mpaka Kigoma mjini. Sikumcheka. Kwetu Kibondo mtu akisema anacheza karata, watu wanawaza wastaafu na mafundi baiskeli wakipigiana kelele kibarazani, na mshindi anapewa soda ambayo lazima agawane na walioshindwa. Kwamba mtu anaweza kukaa chumbani na simu, akacheza na watu asiowajua walioko nchi asizozijua, mwisho wa mwezi akawa na hela kumzidi mwalimu mkuu, hilo lilikuwa jambo la kuombewa. Na kweli niliombewa. Mchungaji alinishika kichwa, akakemea, akanisukuma kidogo ili nianguke, nami nikagoma kuanguka kwa sababu nilikuwa nimevaa suruali nyeupe.

Mchezo wenyewe nilijifunzia kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Ilipofunguliwa tena kupokea Warundi niliajiriwa karani wa ghala, kazi yangu kuhesabu magunia ya unga yanayoingia na kubishana na madereva kuhusu yale yanayotoka. Jumamosi mchana wafanyakazi wa mashirika, wazungu na Watanzania wa mijini, walikuwa wanacheza poka kwenye ukumbi wao wa chakula. Siku moja mwenzao aliugua malaria, wakanikalisha kwenye kiti chake. Sheria si ngumu. Unapewa karata mbili za siri, nyingine zinafunuliwa mezani kwa wote, na kila hatua mnawekeana dau kwa vipande vya plastiki vinavyosimama badala ya hela. Ukiogopa unakunja karata zako na kuacha ulichokwisha weka. Anayeshinda si lazima awe na karata nzuri. Inatosha awaaminishe wenzake kwamba anazo. Mimi nimelelewa nyumba ambamo mgeni akija wakati wa ugali mnamwambia "karibu, sisi tumeshiba" huku matumbo yananguruma. Kwangu mimi huo haukuwa mchezo mpya.

Kambi ikafungwa. Wengine wakahamishwa, wengine wakarudi kwao, wazungu wakaondoka na magari yao, na mimi nikabaki Kibondo na barua ya kunishukuru na mchezo wa watu. Nikaingia kucheza kwenye simu. Mwanzoni niliwalisha Wabrazili, kama walikuwa Wabrazili kweli. Baadaye nikaanza kula mimi.

Ili uelewe kilichonipata lazima ujue hela ilikuwaje nyumbani kwetu. Mama alikuwa anafunga hela kwenye pindo za vitenge vyake, na kila fundo lilikuwa na jina. Hii ya mbolea, hii ya ada, hii ya chumvi, hii ya sadaka. Fundo la mbolea halikujua habari za chumvi. Kuna wiki tulifua kwa majivu kwa sababu fundo la sabuni lilikuwa tupu, na fundo la ada limenona pale pale kiunoni mwake. Na kila kitu tulikipima kwa maharage. Daftari ni vibaba viwili. Shati la shule ni debe kasoro kidogo. Hata nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ghalani, nilishika zile noti nikaona magunia ya maharage yamesimama mstari kutoka mlangoni mpaka kisimani.

Poka haichezeki namna hiyo. Ukiweka dau huku unawaza hili ni gunia la mama, umeshaliwa kabla karata hazijafunuliwa, maana mwenzako atapiga mkwara na wewe utakunja ili kuokoa maharage. Hela pale ni kifaa, kama misumari kwa seremala, na seremala halilii msumari uliopinda. Kwa hiyo nikayaua maharage kichwani mwangu. Nilipoanza, nilishinda kiasi cha kununulia mbuzi nikaenda nyuma ya nyumba kutapika. Baada ya muda nikawa napoteza pikipiki nzima kabla ya chai, na chai nainywa, na kiazi namalizia.

Tatizo ni kwamba ukishayaua maharage hayafufuki ukizima simu. Nikawa mtu wa ajabu. Kwenye pikipiki sidai chenji. Sokoni natajiwa bei, natoa. Nilifikiri wale mama wa nyanya watanipenda. Wakanipenda wiki ya kwanza, ya pili wakaanza kunitazama kama mlevi, ya tatu mmoja wao akanirushia maneno mbele za watu. "Hivi weye unaniona mimi ombaomba? Nataja bei, unalipa, unaondoka. Hata kubishana na mimi kidogo hutaki?" Kwake kupunguziana bei kulikuwa ndiyo salamu, na mimi nilikuwa napita bila kusalimia.

Wakati huo huo nikawa bahili wa aina yake. Binamu yangu aliomba nimsaidie ada, nami, badala ya kutoa au kukataa kama binadamu, nikakaa nikapiga hesabu ya uwezekano wa yeye kufaulu kidato cha nne. Uwezekano haukuniridhisha. Nikamweleza kwa upole kabisa, kama daktari anayetoa majibu mabaya. Mama hakusema nami siku kadhaa. Mtaani ikavuma kwamba nina ndagu, ule utajiri wa kwa mganga unaokuja na masharti, na kwamba sharti langu ni kutomhurumia ndugu. Mchungaji yeye alishaacha kukemea. Alinunuliwa kinanda na pepo likaruhusiwa kubaki.

Katikati ya ujinga huo nikampenda fundi cherehani wa Kasulu. Nilikuwa nimempelekea suruali apunguze urefu. Akaniambia njoo Alhamisi. Nikatoka Kibondo Alhamisi, haijaguswa. Akaniambia tena Alhamisi, akinitazama machoni bila kupepesa. Hapo nikajua nimekutana na mtu wa fani yangu. Nikaendelea kupanda basi kufuata suruali ambayo sikuwa na haja nayo, mpaka siku moja akaniambia, "Suruali yako ilikwisha siku nyingi. Nilikuwa nataka kuona utachoka lini." Sikuchoka. Alikuwa anacheka na pini mdomoni, jambo la hatari, na alikuwa ananiuliza maswali ambayo hayakuhusu hela. Tulipokubaliana, alinionya jambo moja tu.

"Baba yangu ni mtu wa zamani. Nenda na mtu anayejua kuongea, na wewe unyamaze."

Baba yake alikuwa analima Rungwe Mpya. Familia yao ilivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa kijana, wakapata uraia, wakapata shamba, na kwa jinsi Kiha na Kirundi vilivyo ndugu, hakuna aliyemwita mgeni isipokuwa alipokuwa anawania uongozi wa kijiji. Kwa upande wangu nilimchukua baba mdogo awe mshenga. Baba mdogo ni katekista, na kwa kubembeleza hana mpinzani. Inasemekana aliwahi kupunguziwa ng'ombe kwa kumlilia bibi wa bwana harusi ambaye hata hakuwahi kumwona.

Kwa wazee wale, mahari, inkwano kama wanavyoiita, inapangwa kwa ungo. Baba wa binti anaweka punje za maharage kwenye ungo katikati ya mkeka, kila punje ng'ombe mmoja. Anaweka nyingi, kila mtu anajua ni nyingi. Kazi ya mshenga ni kuziondoa moja moja, na kila punje ina ombi lake: hii kwa ajili ya njia ndefu tuliyotembea, hii kwa ajili ya bibi mgonjwa, hii kwa ajili ya mvua zilizochelewa. Mzee anagoma, anaguna, anatikisa kichwa, kisha anaachia. Inaweza kuchukua siku nzima. Kijana anayeposa hana mdomo siku hiyo, anakaa pembeni na kutazama vidole vyake vya miguu.

Mzee akamwaga punje kumi na mbili. Alipokuwa anaziweka alivuta ncha ya sikio lake, mara moja, kidogo tu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuona vitu kama hivyo. Nikajisemea, huyu anapiga mkwara, hata yeye haamini kumi na mbili. Baba mdogo akakohoa, akasimulia vumbi la njia ya kutoka Kibondo kwa ufundi mpaka nikajisikia kiu, akaondoa punje moja. Mzee akaguna. Baba mdogo akahamia kwenye mguu wa bibi yangu.

Nikatazama saa. Alasiri ile kulikuwa na shindano kubwa kwenye simu, nilikuwa nimeshalipa kiingilio, na kwa mwendo wa baba mdogo tungefika jioni bado tuko kwenye goti la bibi. Tena nilikuwa naona kichekesho: watu wazima wanalia juu ya ng'ombe ambao mimi ningeweza kuwanunua kwa wiki moja nzuri. Nikaona niwasaidie wote.

"Baba mdogo, inatosha," nikasema. "Mzee, nakubali. Wote. Rudisheni na huyo mmoja. Na kama kuna haja, ongezeni wawili."

Baba mdogo mkono wake ulibaki juu ya ungo. Nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, kitu cha bati kilianguka na hakuna aliyekiokota. Mzee akanitazama, akaniangalia miguuni.

"Viatu hivyo umenunua bei gani?"

Sikuwa najua. Naapa nilijaribu kukumbuka, duka nililiona, muuzaji nilimwona, bei haikuja.

"Hajui," mzee akamwambia baba mdogo, kwa sauti ya huzuni kabisa, kana kwamba mimi sipo. Akakusanya maharage yake, akayarudisha kwenye mfuko wa koti. "Mrudishe nyumbani. Mimi sikuleta binti mnadani. Akijua kuomba, atarudi."

Tulipofika Kasulu mjini baba mdogo alishuka akanunua karanga, akazila peke yake mpaka Kibondo. Shindano niliwahi. Nilishika nafasi nzuri pia, na sikumbuki hata karata moja.

Kesho yake nilikwenda kwenye cherehani. Mchumba wangu alikuwa anashona gauni la mtu na hakuinua kichwa.

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

Ningeweza kudanganya, ndiyo kazi yangu. Nikamwambia kulikuwa na shindano. Akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Unajua baba alipokimbia aliacha ng'ombe wote? Waliokuwa zizini waliliwa na wenye bunduki, hakubaki hata kamba. Lakini kulikuwa na mtu ambaye baba alikuwa anamdai ndama. Mtu huyo alimtafuta kijiji kwa kijiji upande huu mpaka akampata. Hakuja kulipa, alikuwa hana kitu, alikuja kumwambia anakumbuka. Ndiye aliyemwonyesha baba shamba lile. Kwa baba, mkilipana yote mmeagana. Ukimaliza mahari yangu siku moja, siku nikilia kwako atakuja kwa njia ipi? Atakudai nini?" Hapo ndipo akaniangalia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Na ulivyosema 'wote', ulisema kama unanunua vocha."

Nilitembea Kasulu nzima siku ile. Nilikuwa na hela za kutosha mfukoni kununua chochote nilichokiona, na hakukuwa na kitu cha kununua. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu, maana niligundua kwamba hata kumkosa yeye nilikuwa nimeanza kupiga hesabu yake: mwaka mmoja wa maumivu, kisha mchumba mwingine. Hesabu ilikuwa sahihi. Nikaichukia mpaka nikatema mate barabarani.

Kumrudisha baba mdogo kulinigharimu mara mbili, kwanza alikataa, kisha alikubali kwa sharti kwamba simu niiache kwa mama. Mama akaifunga kwenye pindo la kitenge. Mchumba wangu naye alituletea habari kwa kifupi: "Njooni. Sijamwambia baba nasema ndiyo, nimemwambia awasikilize tu."

Mara ya pili mzee alimwaga punje kumi na tano. Baba mdogo hakushtuka. Alianza na vumbi, akaja kwenye bibi, akafufua marehemu babu, akawaua na watu wawili wa ukoo wetu ambao nilikuwa nimewaona wazima asubuhi ile. Nje jua lilihama kutoka mlangoni mpaka kwenye migomba. Haraka iliniwasha mwanzoni, kisha nikaanza kusikiliza. Mzee alikuwa anajibu kila punje kwa habari ya binti yake: hii siachii, ndiye aliyeniuguza tumbo, hii nayo hapana, alibeba maji mdogo wake alipozaliwa. Walikuwa wananisimulia mke wangu. Mara ya kwanza nilikuwa nimewakatiza kwenye ng'ombe wa pili.

Zikabaki punje saba. Baba mdogo akanyoosha mkono, mzee akauzuia. Akasukuma punje moja kwa kidole mpaka ukingoni mwa ungo, upande wangu.

"Hii aombe mwenyewe."

Nikaanza na mvua zilizochelewa.

"Hayo ya mshenga," mzee akasema. "Yako yako wapi?"

Kwenye poka hufunui karata zako mpaka ulazimishwe. Baba mdogo akaanza kusali, niliona midomo yake.

"Mzee," nikasema, "hela ninazo. Huyu naweza kumleta kesho na wenzake wote. Shida ni kwamba tangu nianze kuzipata hivi hakuna kinachoniuma. Nikipoteza hainiumi, nikipata sifurahi. Binamu yangu kaniomba ada, nikampigia hesabu. Hata binti yako, nilipoona namkosa, nilimpigia hesabu. Naogopa. Huyu mmoja niachie nisimlipe, nibaki na kitu kinachoniuma."

Huo haukuwa mkwara. Mzee masikio yake hakuyagusa.

"Huyu sikuachii," akasema. "Huyu nakukopesha, na nitakudai mpaka nife." Akaichukua ile punje, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo. Nyuma ya pazia vigelegele vikapigwa, na nikamsikia mchumba wangu akiwaambia wanyamaze kwanza, yeye bado hajasema ndiyo. Kisha akasema.

Mzee ni mtu wa neno. Tangu tulipooana alikuwa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada. Ataniuliza mvua, ataniuliza mama yangu, kisha sauti itakuwa kali: "Ng'ombe wangu yuko wapi?" Nami najibu anakonda, nasubiri majani. Au ana mimba. Au amekataa kupanda gari. Mke wangu alikuwa anaacha cherehani ili asikilize uongo wa wiki. Ada ya binamu nililipa, bila hesabu, na alifeli vizuri tu. Poka niliendelea nayo, sitaki kukudanganya kwamba niliokoka. Mbele ya simu hela ilibaki misumari. Ila kulikuwa na ng'ombe mmoja duniani ambaye nilijua uzito wake.

Kisha ukaja msimu mbaya. Kila mcheza poka anaujua. Karata zinakugeuka na huwezi kujua kama ni bahati au umeshakuwa mjinga. Nililiwa miezi mfululizo. Pikipiki niliyokuwa nimenunua ikauzwa, televisheni ikauzwa, tukawa tunaishi kwa cherehani ya mke wangu iliyokuwa imewekwa mbele ya nyumba yetu hapa Kibondo. Mtaani walifurahi kiasi, ndagu imekwisha muda. Mama alileta maharage bila kusema neno. Nami nilijikaza, nikasema ni mchezo, hupanda na kushuka.

Jumapili moja mzee akapiga. Akauliza mvua. Akauliza mama yangu. Akauliza kama binti yake anakula vizuri. Kisha akasema, "Haya, Mungu awabariki," kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nimeliwa na watu wa nchi nyingi, lakini hakuna aliyewahi kunifilisi kama yule mzee alivyonifilisi kwa upole ule.

"Mzee, usikate," nikasema. "Mbona leo hujaniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Ng'ombe."

Nikasikia kuku wa Rungwe Mpya kwenye simu.

"Nilisikia umeanguka, mwana wanje, mwanangu. Nikasema nikupumzishe."

"Usinipumzishe, baba. Nakuomba."

Alivuta pumzi, akakohoa, akajitengeneza sauti.

"Ego. Haya. Ng'ombe wangu yuko wapi, weye mwizi?"

"Yuko njiani," nikasema. Nikakaa chini kwenye ngazi, pembeni ya cherehani, nikalia kwa sauti mpaka wateja wa mke wangu wakavuka barabara kutusubiri upande wa pili.